Kazi na Ujira Wake

Katika fikra za watu juu ya kazi zimo kauli mbili zinazopendwa kwa kadiri moja, ijapokuwa hazipatani vema. Ya kwanza husema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Waislamu wameusiwa wamlipe kibarua kabla jasho lake halijakauka. Wakristo husoma mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa watu wake jioni. Na sheria za nchi husema jambo lilo hilo kwa maneno makavu zaidi. Kauli ya pili husema kwamba kazi njema ni ujira kwa nafsi yake: kwamba mtu aliyejifunza kuitenda kazi kwa uzuri amekwisha kulipwa, hata kama hakuna aliyemwona wala aliyempa kitu. Mwalimu huwafundisha wanafunzi wake kauli ya pili asubuhi, na mwisho wa mwezi huifuata ya kwanza mpaka dirishani kwa mhasibu. Simcheki. Nimekula mshahara wa serikali kwa miaka mingi, na usiku hutunga mashairi ambayo hayajaninunulia hata kilo moja ya sukari. Kwa hiyo kauli zote mbili ni wageni wa siku zote nyumbani kwangu.

Sitauliza katika insha hii ni ipi kati ya kauli hizo iliyo kweli, maana naamini kila moja ina ukweli wake. Nauliza ni nani mwenye haki ya kuitamka ile ya pili.

Mahali pazuri pa kulitafuta jawabu ni katika barua za faragha za watu waliojulikana kwa kazi zao. Kitabu kilichochapwa ni kama nyumba iliyokwisha pakwa chokaa: fito na udongo havionekani tena, na mpita njia hudhani ilisimama yenyewe. Barua ya faragha ni nyumba ile ile siku ya kuchimbia nguzo. Humo tunaona mtu aliamka saa ngapi, alichoka wapi, nani alimlipia mafuta ya taa, na nini kilibaki hakijamalizika. Yamkini si adabu njema kusoma barua ambayo hatukuandikiwa, na wapo wanaochukizwa zikichapishwa. Mimi naona kwamba mwenye barua akiisha kufa, na jamaa zake wakiridhia, huwa amewaachia wanagenzi urithi ambao kitabu chake hakikuweza kuwaachia.

Chukua mfano wa John Ruskin, mhakiki wa sanaa wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1819 na kufa mwaka 1900. Maisha yake yalikwenda sambamba na maisha ya yule Malkia Victoria ambaye jina lake lilibandikwa kwenye ziwa letu na mgeni Speke, aliyeliona kutoka upande wa Mwanza mwaka 1858, ingawa wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza kabla ya yeye kuzaliwa. Ruskin alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka. Aliwaandikia baba yake, marafiki, wachoraji, mafundi, na watu asiowajua kabisa waliomwomba shauri la kujifunza kuchora. Hata kitabu chake cha mwaka 1857 cha kufundisha misingi ya kuchora alikipa sura ya barua tatu kwa mwanagenzi.

Shauri lake kwa mwanagenzi huyo halina mbwembwe. Kwanza achore mraba mdogo, aujaze mistari kwa kalamu na wino mpaka kivuli kiwe sawasawa, pasiwe na doa jeusi kuliko mengine. Akikosea arudie, na akichoka apumzike kisha arudie. Baada ya hapo aokote jiwe la mviringo, aliweke mezani mbele yake, alichore. Ruskin alimwahidi kwamba mtu akiweza kulichora jiwe lile kwa haki, basi hakuna kitu katika fani hiyo kilicho mbali na mkono wake. Mwanafunzi wa Mwanza hana haja ya kutoka nje ya mji kulitafuta jiwe lake. Mji wote umekaa juu ya mawe, na lile la Bismarck lililosimama majini karibu na bandari limepigwa picha mara nyingi sana na watu ambao hawakulitazama kwa muda wa dakika mbili. Hilo ndilo lililomkera Ruskin. Alisema kwamba hafundishi kuchora ili watu waitazame dunia kwa ajili ya picha, bali afadhali wajifunze picha ili waipende dunia. Kazi ya mkono kwake ilikuwa ni njia ya kulifungua jicho.

Tangu mwaka 1854 alifundisha kuchora katika Chuo cha Wafanyakazi cha London, ambako mafundi walikuja jioni baada ya kazi zao za mchana. Mwaka 1857 tume ya kifalme ya Uingereza ilimhoji, naye akaeleza kwamba nia yake haikuwa kumgeuza seremala awe msanii, bali kumfanya awe na furaha zaidi katika useremala wake. Ni maneno mazuri. Lakini kila niyakumbukapo nasikia kitu kikinikwaruza kooni, nami nimetumia muda mrefu kukitafuta kitu hicho. Katika darasa lile alikuwamo fundi mbao mmoja, jina lake George Allen. Huyu hakubaki na furaha ya useremala tu: kwa kutiwa moyo na Ruskin alijifunza kuchonga picha katika bamba za chuma za kuchapia, kisha tangu miaka ya 1870 akawa mchapishaji wa vitabu vya Ruskin, na nyumba ya uchapishaji ikaanzishwa kwa jina lake. Kumbe seremala akipewa jicho na nafasi huweza kuchagua mwenyewe furaha yake iwe wapi.

Kwa upande wa faragha, barua zinatuonyesha jambo ambalo vitabu vya Ruskin havilisemi waziwazi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1851 na 1852 alikaa Venisi, akipima nguzo, matao na madirisha ya majumba ya kale kwa ajili ya kitabu chake kikubwa juu ya mji huo. Kila siku alimwandikia baba yake London, akimweleza alichokifanya na alichokusudia kukifanya kesho. Katika kitabu kilichotoka na safari ile aliandika kwa moto mkali kwamba fundi si mashine, kwamba mkono ukinyimwa uhuru roho hufa, na kwamba thamani ya jengo imo katika furaha ya aliyelichonga. Ni fikra bora kabisa, na zimewaamsha wengi. Lakini aliyelipia chakula, nyumba, watumishi na wino ni yule baba aliyeandikiwa barua, mfanyabiashara tajiri wa mvinyo. Mtu aliyeandika kwamba ujira wa fundi ni furaha yake alikuwa ameshiba.

Sisemi hivi kumshusha. Ruskin mwenyewe aliuona ufa huo kabla yetu. Mwaka 1860 aliandika makala nne juu ya ujira wa haki, akazipa jina kutokana na mfano ule ule wa shamba la mizabibu, akidai kwamba malipo ya mfanyakazi yasitegemee njaa yake wala wingi wa wenzake waliosimama mlangoni wakitaka nafasi yake. Matajiri walichukizwa, hata Thackeray, mhariri wa jarida lililokuwa likizichapa, akazikatisha. Makala hizo zilipofanywa kitabu zilizunguka dunia kwa miguu yao. Mwaka 1904 Gandhi alizisoma katika gari la moshi kutoka Johannesburg kwenda Durban, na hakuwa mtu yule yule aliposhuka. Zaidi ya hayo, Ruskin aliporithi mali ya baba yake aliigawa kwa wingi, kwa shule, makumbusho na watu wenye shida. Basi mtu huyu alizisema kauli zote mbili. Lakini ile ya kwanza aliisema juu ya haki za wengine, na ile ya pili ilikuwa na nguvu zaidi alipoisema juu ya nafsi yake, alipokuwa akichora jani au wingu ambalo hakuna aliyemwagiza.

Turudi sasa Afrika Mashariki, kwa mtu ambaye hakuwa na baba mfanyabiashara wa mvinyo. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam katika shule ya Msimbazi, na mwaka 1926 akaanza ukarani katika idara ya forodha. Aliitumikia serikali ya kikoloni katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka thelathini. Mashairi, tenzi, hadithi na insha alizotuachia, ambazo kila mwanafunzi wa sekondari amekutana nazo, ni kazi ya saa ambazo ofisi ilimwachia. Mchana mkono wake uliandika hesabu za ushuru na barua za wakubwa. Usiku mkono ule ule ukaandika *Utenzi wa Vita vya Uhuru*. Toka mwaka 1931 mpaka 1958 alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge, naye Ulenge akazihifadhi. Zilitolewa kuwa kitabu mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya uhariri wa Mugyabuso Mulokozi. Humo mambo ya nyumbani na mambo ya miswada yamekaa pamoja, kama yanavyokaa pamoja katika maisha ya mtu yeyote anayeandika akiwa na familia na ajira.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Utenzi niliotangulia kuutaja ulichapwa kuwa kitabu mwaka 1967, na *Kufikirika* mwaka ule ule. *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* zikafuata mwaka 1968. Msomaji na asimame kidogo hapa. Vitabu tunavyovisifu kama nguzo za fasihi yetu, mwandishi wake hakuvigusa vikiwa na jalada.

Lakini mfano ulio mkali zaidi umo katika maji yetu wenyewe, safari ya saa chache kwa meli kutoka Mwanza. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Alisomeshwa na wamisionari Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, ambako alijifunza Kilatini na lugha nyingine. Hakuwa padre. Alioa, na kwa muda mrefu wa maisha yake aliishi Kagunguli akiwa katekista na mtu wa kalamu wa misheni. Yeye na mkewe Anna hawakubakiwa na mtoto wa kuwarithi.

Kitereza aliona kwamba vijana wa Ukerewe walikuwa wakikua bila kuzijua desturi za wazee wao. Padre mmoja wa Kanada, Almas Simard, akamtia moyo aziandike, na aziandike kwa njia ya hadithi ili zisomwe kwa raha. Alifanya kazi hiyo katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, kwa lugha yake ya Kikerewe, akaimaliza mwezi wa Februari mwaka 1945. Ni hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wanaopendana lakini wakachelewa kupata mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, mume anahangaika kumrudisha, na mwishowe wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Katika mwendo wa hadithi hiyo kila kazi ya kisiwa inaelezwa: jinsi ya kupika pombe ya ndizi, jinsi ya kulima na kuvua, jinsi ya kumkaribisha mkwe na kumzika marehemu. Wako wasomaji wanaolalamika kwamba maelezo ni marefu. Mimi nayaona ni sawa na lile jiwe la Ruskin. Kitereza ameliweka mezani, amelizunguka, na hataki kuliacha mpaka kila kivuli kimekaa mahali pake. Mtu hawezi kueleza hivyo jinsi pombe inavyopikwa ikiwa hakuitazama kwa mapenzi.

Kisha nini? Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na soko lake halikuonekana. Mswada ukakaa. Simard alishughulika kuutafsiri kwa Kifaransa, lakini kitabu hakikutoka. Uhuru ukapatikana mwaka 1961, mswada ungali umekaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, Wamarekani, walifika Ukerewe kwa utafiti, wakamkuta mzee huyu na kazi yake, wakamhimiza. Na mwaka 1972 wakaandika makala kuwajulisha wasomi wa nje kwamba yupo. Kitereza, aliyekwisha pita miaka sabini, alikaa tena mezani na kuitafsiri hadithi yote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Fikiria kazi hiyo: kupiga tena kasia safari nzima ambayo mtu aliimaliza robo karne iliyopita, bila kuahidiwa kwamba ng'ambo yuko wa kumpokea. Tanzania Publishing House ndiyo iliyokitoa kitabu, kikachapwa Uchina, na mwaka ulioandikwa ndani yake ni 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981. Nakala zilikuwa hazijamfikia mkononi.

Miaka 35 kutoka nukta ya mwisho mpaka kitabu! Na hapa ndipo ile kauli ya pili inapojitokeza, ikitoka katika vinywa vya watu wema. Nimeisikia katika semina, na nimeisikia barazani. Husema: "Hasara gani, ndugu? Mzee alikwisha pata furaha ya kuandika. Kazi yenyewe ilikuwa malipo yake." Wasemaji hawana ubaya moyoni. Lakini nadhani wametamka neno ambalo si lao.

Furaha ya kazi ni jambo la ndani. Ushahidi wake anao mtenda kazi peke yake. Kitereza akituambia, "Nilifurahi, sidai kitu," tutaipokea kauli hiyo kama tunavyopokea zawadi, na kumheshimu zaidi. Lakini mdaiwa hawezi kujiandikia stakabadhi ya deni ambalo hakulipa, akasaini jina la mdai. Mtu aliyeketi juu ya mswada, akasema kwamba mwandishi amekwisha kulipwa na nafsi yake, amefanya hivyo hasa. Kauli ile ile iliyokuwa utakatifu kinywani mwa mwandishi imekuwa dhuluma kinywani mwa karani.

Tena, ni ujira gani aliokuwa akiungoja? Si fedha, sidhani kwamba mtu huandika kwa Kikerewe akitazamia fedha. Ujira wake ulikuwa msomaji. Aliandika ili kijana wa Ukerewe ajue. Sasa hesabu ni nyepesi: kijana aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka 1945 alikuwa na miaka hamsini mwaka 1980. Wale aliowaandikia walikuwa wamekwisha oa, wakazaa, wakaanza kuitwa babu na bibi kabla ya kitabu chao kufika. Si Kitereza peke yake aliyedhulumiwa kwa kuchelewa kule. Kizazi kizima kilinyimwa barua yake iliyokwisha andikwa na kutiwa anwani.

Watu wa kanda hii wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa walilipigania katika pamba. Mkulima wa Usukuma hakuwa mtu asiyeipenda kazi yake. Vikundi vya kulima kwa pamoja, ngoma na nyimbo, na bugobogobo ambamo jembe hurushwa na kudakwa kama kitu kisicho na uzito, ni ushahidi kwamba furaha ya kazi ilikuwapo shambani tangu zamani. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima walipoamini kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja, hawakukubali kuambiwa kwamba wamekwisha furahi kwa kulima. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakajiunga katika vyama vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikua mpaka likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika. Walidai mizani ya haki, na jioni wakaendelea kucheza na majembe yao. Mambo hayo mawili hayakugombana.

Kuna na fundisho jingine ziwani, gumu kidogo, juu ya mazoea ya kazi. Wakaazi wa kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, wamesifiwa na watafiti wengi kwa bidii ya kilimo chao. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi. Basi hulisha ng'ombe zizini, hukusanya samadi na kuirudisha shambani, hujenga matuta ya mawe, hawaachi kipande cha ardhi kilale. Mtu angesema kwamba bidii imo katika damu yao. Lakini watafiti hao hao waliona kwamba Wakara waliohamia mahali penye ardhi ya kutosha aghalabu waliziacha njia hizo za taabu, wakalima kama majirani zao wapya. Hawakuwa wamegeuka wavivu; walipima jasho na mavuno, wakaona kwamba mavuno yale yale yanapatikana kwa jasho pungufu. Namwomba mwalimu auzingatie mfano huu kabla hajawaita wanafunzi wa darasa zima, au watu wa wilaya nzima, wavivu. Bidii ya watu wengi hufuata mavuno. Wanaoandika miaka thelathini na mitano bila mavuno ni wachache mno, na taifa haliwezi kuujenga utamaduni wake kwa kutegemea kwamba katika kila kisiwa atazaliwa Kitereza.

Najua jinsi mambo yanavyokwenda katika ofisi. Mswada huingia masjala, hupigwa mhuri wa kupokelewa, hupewa namba na jalada. Kutoka hapo hupanda ngazi na kushuka, huku kila aliyeushika ameandika neno moja la adabu pembeni. Hakuna mtu mbaya katika safari hiyo. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja niliona kabati lenye miswada iliyofungwa kwa kamba, mingine kwa mwandiko wa mkono, mkaratasi wa juu umegeuka rangi ya chai. Nilipouliza wenyewe wako wapi, nilijibiwa kwa upole kwamba wengi wamefariki. Aliyenijibu alikuwa akifuta vumbi kabati hilo kila Ijumaa, kwa uangalifu mkubwa.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wachapaji tu. Mwanafunzi wa kidato cha pili akikesha na insha yake, akaikabidhi Jumatatu, na daftari likarudi baada ya mwezi likiwa na alama ya vema tu, bila neno, yeye naye amefanywa Kitereza mdogo. Mwalimu atasema kwamba mtoto amefaidika kwa kule kuandika. Ni kweli, amefaidika. Lakini mwenye kusema hivyo awe mtoto.

Hapa kuna hoja moja dhidi yangu, nayo ni nzito, sitaki kuipita pembeni. Yuko atakayesema: kama Kitereza angeifuata kauli ya kwanza, angedai kwanza ahadi ya kuchapishiwa, na asingeipata, na leo tusingekuwa na Myombekere wala Bugonoka. Shaaban Robert angehesabu saa zake za usiku na kuzilala. Kwa hiyo, atasema, wafundishe vijana kauli ya pili tu, maana ndiyo iliyotupa vitabu.

Nakubali nusu yake. Kijana anayechora jiwe lake pwani ya ziwa, hali hakuna anayemtazama, yampasa awe na kitu cha kujiambia, na sijui kitu bora kuliko kauli hiyo. Nami nimejiambia hivyo usiku mwingi, kalamu mkononi, jirani wakiwa wamelala. Ninalokataa ni kuifanya sera. Kauli hiyo ni kama kufunga kwa hiari: mtu akifunga mwenyewe ni ibada, lakini mwenye ghala akifunga mlango, njaa ya watu haiwi ibada kwa sababu wamevumilia. Waliotupa vitabu ni Kitereza na Shaaban Robert, kwa uvumilivu wao. Miaka 35 ya kungoja haikutupa hata ukurasa mmoja. Kama ilitupa kitu, ilitupa mzee aliyelazimika kuitafsiri upya kazi yake katika umri ambao wenzake walikuwa wakiota jua barazani.

Baadaye mlango ulifunguka kidogo. Katika miaka ya 1990 Wilhelm Möhlig aliitoa hadithi ya Myombekere kwa Kijerumani, ikasomwa Ulaya. Mwaka 2002, mwaka ule ule ambao barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake zilitoka, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe. Ruhumbika hakuanzia kwenye Kiswahili cha mwaka 1980. Alirudi kwenye maneno ya mwaka 1945, akaitafsiri kutoka Kikerewe chenyewe, lugha ile iliyoonekana haina soko.